Kabla ya Vigae: Kuandaa Sakafu Kuukuu, Mowlem

Kigae kikibanduka, lawama humwangukia fundi au mwenye hadwea. Mara nyingi kosa liko chini, kwenye sakafu iliyofunikwa kabla ya kukaguliwa. Kijitabu hiki ni cha wenye nyumba, wapangaji na wasimamizi wa ploti.

Polishi ni adui

Nyumba nyingi za zamani hapa Eastlands zina sakafu iliyopigwa niru, aghalabu ikatiwa rangi nyekundu na kusuguliwa polishi miaka nenda miaka rudi. Inang'aa, lakini gundi haipati pa kushika. Mwaga maji kidogo. Yakibaki yamesimama juu kwa dakika kadhaa bila kunywewa, nta bado ipo, na sabuni pekee haitaiondoa. Niru ikwanguliwe kwa grainda au igotwe kwa patasi na nyundo mpaka simiti ikwaruze kiganja. Wako mafundi wanaogota vishimo viwili vitatu katikati ya chumba, wakasema tayari. Usikubali, vishimo vikaribiane chumba kizima, hadi pembeni na nyuma ya mlango.

Lowanisha sakafu unapogota, na uvae barakoa ya vumbi. Vumbi la simiti lina silika, na silika huharibu mapafu. Leso iliyofungwa puani haiizuii.

Ukishafagia, gonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Palipoachana na zege hulia kama debe tupu. Bomoa hapo, piga simiti upya, uinyweshee maji kwa siku 7. Ukipiga skridi mpya, yaani tabaka la simiti, chumba kizima, subiri wiki 4 ndipo uweke vigae. Ni muda mrefu kwa mtu aliyepeleka makochi kwa jirani, tunajua.

Udongo mweusi na unyevu

Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha. Hufura ukilowa na kunywea ukikauka. Kama haukuchimbwa wote na kujazwa mawe, sakafu ya chini hupanda na kushuka nao. Chora alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa, uandike tarehe, kisha utazame tena baada ya mvua za Machi hadi Mei. Ufa uliopita alama bado unatembea, na ukifunikwa utapasua kigae pia. Tafuta kwanza maji yanakotoka: paipu inayovuja, au paa linalomwaga maji kando ya msingi. Ufa uliotulia unapanuliwa na kuzibwa.

Kwa unyevu, bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa mita 1, kingo zote zikazwe kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakionekana chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini. Usiweke kigae bado.

Usawa

Laza ubao mnyoofu wa mita 2. Pengo chini yake lisizidi milimita 3. Mabonde yajazwe mapema, maana gundi ikiwa nene hunywea inapokauka na kuvuta kigae. Bafuni ni kinyume: sakafu lazima iteremke kuelekea tundu la maji, walau sentimita 1 kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji uone yanakimbilia wapi.

Walio ghorofani wawe waangalifu zaidi. Kila sentimita 1 ya simiti huongeza takriban kilo 20 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikiongezewa sentimita 5 kimebeba kilo 1,200 ambazo huenda hazikuwa kwenye ramani. Heri kubandua skridi ya zamani kuliko kurundika juu yake, na mwenye jengo aulizwe kwanza. Pima mlango pia, maana sakafu ikiinuka huenda usifunguke: wa mbao utapigwa randa, wa chuma utamhitaji welda.

Malipo

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huidhinisha mafundi. Muulize wako kama ana kadi. Kubaliana pia vifusi vitapelekwa wapi, maana mtaro wa ploti si jaa. Fundi anayelipwa kwa mita ya vigae hapati kitu kwa saa anazogota, basi atazifupisha. Lipa maandalizi kando, na ukague mwenyewe, kwa maji na kwa ubao, kabla mfuko wa kwanza wa gundi haujafunguliwa.