Japanese Spitz: Sifa na Matunzo ya Mbwa Mdogo wa Ndani kwa Mazingira ya Mwanza

Hapa tumezoea kuongelea ng'ombe, kuku na samaki wa vizimba, lakini siku hizi maswali ya mbwa wadogo yamekuwa mengi, hasa kutoka Buswelu na Nyegezi. Anayeulizwa zaidi ni yule mweupe mwenye manyoya mengi, Japanese Spitz. Jambo moja ulishike tangu sasa: huyu ni mnyama wa kilo 5 hadi 10 tu. Chakula chake na dawa zake vyote vinafuata uzito huo.

SIFA ZAKE

Mbwa huyu alizalishwa Japani miaka ya 1920 na 1930 kutokana na mbwa weupe wa jamii ya spitz. Dume ana kimo cha sentimita 30 hadi 38 begani. Masikio yamesimama, pua ni nyeusi, na mkia umekunjwa juu ya mgongo. Ni mwepesi kufundishika na anapenda watoto. Mgeni akigonga geti atabweka, ila usimtegemee kumzuia mwizi. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 14, kwa hiyo si zawadi ya sikukuu moja.

Unaponunua, mtazame akitembea. Akirukaruka kwa mguu mmoja wa nyuma, huenda mfupa mdogo wa juu ya goti unahama mahali pake. Tatizo hili huwapata sana mbwa wadogo.

JOTO NA MANYOYA

Manyoya yake yana tabaka mbili. Wengi wananiuliza kama wamnyoe kwa sababu ya joto. Usimnyoe! Manyoya hayo yanamkinga na jua pia. Mchane mara mbili au tatu kwa wiki ili yale yaliyokufa yatoke, na umwogeshe mara moja kwa mwezi, kisha umkaushe vizuri. Usimpeleke kuogea ziwani. Wewe unayesimama kwenye maji ndiye utakayepata kichocho.

Miamba yetu na lami hushika joto hadi jioni. Mtembeze kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 12 jioni. Ukimwona anahema kwa nguvu, anatoa mate mengi na kuyumba, mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha mwite daktari wa mifugo.

CHAKULA

Dagaa wetu ni chakula kizuri kwake, ila wale walioanikwa chini wana mchanga. Waoshe mpaka maji yatoke safi, wachemshe bila chumvi, changanya na wali au ugali kidogo. Kichwa cha sangara toa miba yote. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu wala chokoleti. Mkubwa alishwe mara mbili kwa siku, mtoto mara tatu au nne.

KUPE: HAPA NDIPO WENGI WANAPOWAPOTEZA

Mwaka jana nilipigiwa simu kuhusu mbwa wa kilo 6. Kijana wa nyumbani alimpulizia dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye bomba. Manyoya mazito yakaishika ile dawa, mbwa akawa anajilamba. Usiku alianza kutetemeka na kutoa povu. Nilipofika asubuhi alikuwa ameshakufa, na watoto wa nyumba ile walikuwa wanalia.

Sindano ya ivermectin ya ng'ombe nayo ni hivyo hivyo. Ile ya asilimia 1 hupimwa mililita 1 kwa kilo 50. Ukivuta nusu mililita kwa kukadiria, umempa mbwa wako dozi ya ndama wa kilo 25. Basi nunua dawa ya kupe iliyoandikwa ni ya mbwa, mpime uzito kwanza, soma umri unaoruhusiwa, na kagua masikio na katikati ya vidole kila siku. Fizi zikiwa nyeupe au mkojo ukiwa mwekundu, usisubiri kesho.

CHANJO NA MINYOO

1. Chanjo ya mchanganyiko (distempa, parvo na nyinginezo): anza wiki ya 6 hadi 8, rudia kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16.

2. Kichaa cha mbwa: miezi 3, kisha kila mwaka.

3. Dawa ya minyoo: kila wiki 2 mpaka afikishe wiki 12, baadaye kila miezi 3. Minyoo yake inaweza kuwapata watoto wako.

Wapo wanaosema, "Wangu hatoki ndani, chanjo ya nini?" Geti likiachwa wazi dakika moja inatosha mbwa wa mtaani kumng'ata. Na huyu ndiye anayelala na watoto kwenye kochi. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, mgonjwa karibu hakuna anayepona.

Kabla hujalipa hela ya mbwa, omba kadi yake ya chanjo. Kama haipo, mlete kwa afisa mifugo wa kata yako wiki hiyo hiyo.