Paka Anayenyonyoka Manyoya

Ndugu wanakikundi, paka akijikuna mpaka manyoya yatoke, mara nyingi ni viroboto. Mayai yao huangukia mkeka na blanketi, kwa hivyo fueni na kuanika juani kila wiki.

Lakini jameni, msimpake dawa ya viroboto ya mbwa wala ile ya kuogeshea ng'ombe! Watu husema dawa ni dawa. Baadhi zina pamethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja: atatetemeka, hata kufa.

Mkiona mabaka ya mviringo yenye magamba, huenda ni choa, nacho huambukiza watoto. Hapo mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Kutoka Kileleshwa, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo tu Kabete.