Kuzuru Maonyesho ya Mavazi Makumbusho: Mwongozo kwa Mafundi na Wabunifu

Picha ya gauni kwenye simu hukupa upande mmoja tu, tena ule alioutaka mpiga picha. Makumbusho hukupa mgongo, ubavu, pindo na, ukibahatika, hata bitana. Mwongozo huu ni kwa mafundi cherehani, wabunifu wa mavazi na wanafunzi wa ushonaji wanaotaka ziara hiyo iwafae kazini. Msingi wake ni mmoja: nenda kujifunza namna vazi lilivyojengwa, usiende kuchukua sura yake. Mitindo hupitwa na wakati, lakini ufundi uliouelewa unaweza kuutumia kwa mteja yeyote na kitambaa chochote.

1. Kabla ya kwenda

Chagua swali moja linalokusumbua kazini. Labda kola ya shati la kitenge haisimami, mkono wa koti unavuta mteja akiinua mkono, au gauni la bibi harusi linateremka kifuani. Ukiingia na swali, jicho litajua pa kutua. Ukiingia bila swali, utatoka na picha nyingi ambazo hutazitazama tena.

Ulizia mapema kanuni na kiingilio. Victoria and Albert Museum ya London, kwa mfano, haitozi kiingilio kwa kumbi zake za kudumu, ila maonyesho makubwa ya muda huwa na tiketi. Ukiweza, nenda siku ya kazi asubuhi, kabla watu hawajajaa.

Chukua daftari lisilo na mistari na penseli. Makumbusho mengi hayaruhusu kalamu ya wino karibu na vitu vyake. Kwa kuwa hutaruhusiwa kugusa wala kupima, pima nyumbani shubiri yako na upana wa vidole vyako, na uandike vipimo mbele ya daftari. Kwa vipimo hivyo utaweza kukadiria upana wa pindo au urefu wa kola ukiwa umesimama kando.

2. Ukiwa ukumbini

Utakuta mwanga hafifu. Nguo huharibiwa na mwanga, na rangi iliyopauka hairudi, ndiyo maana makumbusho mengi huuweka mwanga kwenye kiwango cha luksi 50 hivi. Yape macho dakika chache yazoee. Usipige picha kwa mwako, hata pale kamera zinaporuhusiwa.

Zunguka ukumbi mzima mara moja bila kuandika chochote. Kisha rudi kwenye mavazi mawili au matatu yanayogusa swali lako, uyatazame kwa utaratibu huu:

- Umbo zima: uzito wa vazi umebebwa na bega, kiuno au nyonga?
- Mishono: imepita wapi, na kuna mahali ulipotarajia mshono ukaukosa?
- Kitambaa: mtande umesimama wima, au kimekatwa mshazari ili kilalie mwili?
- Kingo: pindo lina upana gani, limeshonwa kwa mkono au kwa mashine, na bitana imeishia wapi?
- Vifungo, zipu na nakshi: vinafanya kazi, au ni pambo tu?

Chora mbele, ubavu na mgongo. Si lazima mchoro uwe mzuri, bali uonyeshe kila mshono. Mwingereza Janet Arnold aliijenga kazi yake yote juu ya nidhamu hii. Alipima na kuchora nguo za kale zilizohifadhiwa makumbusho, akatoa vitabu vya violezo vya kukatia kuanzia mwaka 1964, na washonaji wa mavazi ya jukwaani wanavitumia hadi leo.

Kibao cha maelezo kisome baada ya kutazama, ili maneno ya mwandishi yasikutangulie. Zingatia mwaka, aina ya kitambaa na nani alilivaa vazi. Kumbuka pia kwamba sanamu inayovalishwa mara nyingi imejazwa pamba au nyavu ili nguo ikae sawa, kwa hiyo si kila mviringo unaouona umetokana na ukataji.

3. Mifano miwili ya kujifunzia

Mwaka 2017 Victoria and Albert Museum ya London ilifungua maonyesho ya Cristóbal Balenciaga, mbunifu Mhispania aliyefanya kazi Paris. Baadhi ya magauni yake yalipigwa picha za eksirei na Nick Veasey. Picha hizo zilifichua mbavu ngumu zilizoshonewa ndani, pamoja na vizito vidogo vilivyowekwa mahali maalumu ili kitambaa kianguke kama alivyotaka mbunifu. Hapa fundi ana la kujifunza: gauni linaloonekana kuelea huenda limezuiwa kwa hesabu kali. Kama la mteja wako linateremka kifuani, tafuta jibu ndani ya bodi kabla ya kukaza ubavu.

Maonyesho ya Africa Fashion, yaliyofunguliwa hapo hapo Julai 2022, yalimpa nafasi Shade Thomas-Fahm wa Nigeria. Aliliwekea zipu vazi la kujifunga la Kiyoruba, na kilemba akakitengeneza kikiwa kimeshafungwa tayari, ili mwanamke anayewahi kazini avae haraka bila kuacha vazi la kwao. Yeye hakuanza na pambo, alianza na shida ya mvaaji. Fundi wa kanga na vitenge ana maswali ya namna hiyo kila siku.

4. Kama huwezi kufika kwenye maonyesho makubwa

Kwa walio London, V&A East Storehouse, ghala la Victoria and Albert Museum lililofunguliwa mwaka 2025, huruhusu mtu yeyote kuomba kuletewa vitu kutoka ghalani avitazame kwa karibu, bila malipo. Omba wiki kadhaa kabla. Walio Nairobi wana michoro ya Joy Adamson katika Makumbusho ya Taifa, inayoonyesha mavazi na mapambo ya jamii mbalimbali za Kenya. Makumbusho makubwa pia yameweka picha za hazina zao kwenye intaneti. Tafuta zile zinazoonyesha mgongo na ndani.

5. Kuchukua kwa heshima

Kujifunza mbinu ya kukata ni halali ya kila fundi. Kunakili vazi la mbunifu aliye hai na kuliuza kama lako ni kumdhulumu. Nakshi au shanga zenye maana kwa jamii fulani ziulizie kwa wenyewe kabla ya kuzitumia, na chanzo ukitaje kwa mteja.

6. Ukirudi kazini

Siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijafifia, andika jibu la swali lako kwa sentensi mbili au tatu. Ndani ya wiki, kata sampuli ya sehemu moja tu, kola au bega, kwa amerikani au kitambaa kingine cha bei nafuu. Ishone, mvalishe mtu, mwambie akae, ainame na ainue mikono. Ikikubali, hifadhi kiolezo chake kwa jina na tarehe. Ikikataa, rudia mchoro wako uone ni mshono gani uliokupita, kisha ukate tena kabla hujagusa kitambaa cha mteja.