Kadi ya Kuingia Bangkok: Ajaze Msafiri Mwenyewe

Tangu tarehe 1 Mei 2025, mgeni anayeingia Thailand sharti awe amejaza kadi ya kuwasili kwa njia ya mtandao. Kadi hiyo, kwa kifupi TDAC, imechukua nafasi ya karatasi ya zamani ya TM6 ambayo abiria walikuwa wakiijaza ndegeni huku wakiazimana kalamu. Anayekwenda kwa ndege, kwa barabara au kwa meli, mzazi na mtoto wake mchanga, mwenye viza na asiyehitaji viza, wote inawahusu. Anayebadilisha ndege tu bila kupita uhamiaji ndiye asiyetakiwa kuijaza. Hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure.

Neno hilo la mwisho linarudiwa kwa makusudi: bure. Kadi haikuchukua muda kuwapa matapeli kazi mpya. Zipo tovuti zenye bendera ya Thailand na picha za mahekalu ya dhahabu, zinazomtoza msafiri dola kadhaa kwa kitu ambacho serikali ya nchi ile haikitozi hata senti. Anwani halali ni tdac.immigration.go.th. Herufi za mwisho, go.th, ni za taasisi za serikali ya Thailand. Ukurasa wowote unaoomba namba ya kadi ya benki ili "kuharakisha" TDAC ufungwe papo hapo.

Hata hivyo, hasara ya dola chache siyo iliyoisukuma idara inayotoa kijitabu hiki kukiandika. Kuna msafiri ambaye halipi chochote, wala hajazi chochote. Tiketi amekatiwa, viza ameombewa, kadi amejaziwa na mtu aliyefahamiana naye kwenye WhatsApp au Telegram. Huyo ndiye anayeitia idara wasiwasi, na maneno mengi ya hapa yanamhusu yeye.

Kadi inauliza mambo ya kawaida: namba ya pasi, namba ya ndege, sababu ya safari, nchi alizopita mtu siku za karibuni, na anwani atakakolala. Hilo la anwani ndilo kipimo. Msafiri ambaye jibu lake ni "bosi atanipokea uwanjani, ataniambia huko huko" asipande ndege. Hata kama tiketi ipo mkononi. Hata kama aliyemuunganisha na kazi hiyo ni binamu yake.

Sababu yake ni hii. Tarehe 3 Januari 2025, mwigizaji wa China aitwaye Wang Xing alitua Bangkok akiamini anakwenda kufanya majaribio ya filamu. Gari lilimpokea. Halikumpeleka kwenye studio yoyote. Lilimpeleka hadi Mae Sot, mji wa mpakani ulio kilomita kama 500 kutoka Bangkok, na kutoka hapo akavushwa kuingia Myawaddy, upande wa Myanmar. Alipopatikana siku nne baadaye alikuwa amenyolewa kichwa. Huyo ni mtu anayetambulika kwa sura, ambaye kupotea kwake kulitikisa mitandao ya China nzima. Kijana kutoka Kisumu au Mwanza hana umaarufu wa namna hiyo wa kumkinga.

Myawaddy na maeneo jirani, kama KK Park na Shwe Kokko, yamekuwa na majengo yaliyozungushiwa ukuta na kulindwa kwa silaha. Ndani yake watu hulazimishwa kukaa mbele ya kompyuta usiku na mchana, wakijifanya wapenzi au washauri wa uwekezaji, ili kuwaibia watu wa mabara mengine kupitia sarafu bandia za kidijitali. Asiyefikisha kiwango hupigwa au huchomwa kwa umeme. Anayetaka kuondoka huambiwa familia yake ilipe. Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa Myanmar katika hali hiyo, na wengine kama 100,000 Kambodia.

Wapo Waafrika Mashariki miongoni mwao. Mwezi Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikivuka kwenda maeneo matano ya mpakani, na siku chache baadaye kundi la watu wapatao 260 likavushwa mto Moei kurudi upande wa Thailand. Zaidi ya nusu walikuwa Waethiopia. Wakenya walikuwemo. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu ajira hizi tangu 2022, na bado tiketi zinakatwa.

Tangazo lenyewe huja kwa sura nzuri. Kazi ni ya kuhudumia wateja kwa simu, kuingiza taarifa kwenye kompyuta, au kufundisha Kiingereza. Mshahara unazidi mara kadhaa ule wa Nairobi au Dar es Salaam. Usaili hufanyika kwa ujumbe wa maandishi, na hauchukui hata saa moja. Kisha linafuata agizo dogo linalopaswa kumshtua yeyote: "Ukifika uhamiaji sema umekuja kutembea. Kibali tutakutengenezea ukishaanza kazi."

Hapana. Anayekwenda kufanya kazi Thailand huomba viza ya kazi, ile inayoitwa Non-Immigrant B, kabla ya safari, na hawezi kuanza kazi bila kibali. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi hata siku moja. Mwajiri anayemfundisha mwajiriwa wake kumdanganya afisa wa mpakani ameshaonyesha yeye ni nani. Kwa Kenya, jina la wakala wa ajira linaweza kuulizwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kwingineko, idara za serikali zinazosimamia ajira za nje zina wajibu wa kujibu, na mwananchi asione haya kuzisumbua.

Msafiri aijue pia jiografia, kwa sababu imewahi kuwa tofauti kati ya kuokoka na kupotea. Uwanja mkuu wa ndege, Suvarnabhumi, uko mashariki mwa Bangkok, kilomita kama 30 kutoka katikati ya jiji. Hata foleni ikiwa mbaya, baada ya saa moja au mbili mtu anapaswa kuwa amezungukwa na maghorofa. Apakue ramani ya Thailand kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, ili ifanye kazi bila intaneti. Gari likipita Ayutthaya na kuendelea kaskazini, likapita Nakhon Sawan, likaelekea Tak, hilo haliendi hotelini. Barabara ya Tak hadi Mae Sot ina vizuizi vya polisi. Mahali pa kupiga kelele ni kwenye kizuizi, mbele ya askari, huku mtu akiwa bado upande wa Thailand. Ng'ambo ya Moei, polisi wa Thailand hawana mamlaka.

Na pasi ya kusafiria ibaki kwa mwenyewe. Hoteli halali huiomba, hunakili, na kuirudisha papo hapo mapokezini, kwa kuwa sheria huitaka iripoti wageni wake uhamiaji ndani ya saa 24. Dereva hana haja na pasi ya mtu. Kadhalika "meneja" aliyekuja na dereva.

Kwa mgeni anayekwenda kutembea kweli, au kufanya biashara, jiji hili ni rahisi kuliko anavyodhani. Hatua ya kwanza baada ya kushuka ndegeni ni afya. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homanjano, na dawati lake Suvarnabhumi liko kabla ya lile la uhamiaji. Wengi hulipita dawati hilo, husimama foleni ndefu ya uhamiaji, kisha hurudishwa. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa siku mbili kabla ya safari amechelewa. Chanjo moja inatosha maisha yote; utaratibu wa kurudia kila miaka 10 uliondolewa Julai 2016.

Treni ya uwanjani hufika kituo cha Phaya Thai kwa takriban nusu saa, na nauli yake haizidi baht 45. Pale mtu hubadili kwenda kwenye BTS, reli ya juu inayokatiza jiji tangu 1999. Teksi hupangwa ghorofa ya chini, ambako mashine hutoa karatasi yenye namba ya gari. Mita huanzia baht 35, kuna nyongeza ya baht 50 kwa safari za kutoka uwanjani, na ada ya barabara ya kulipia humhusu abiria. Dereva akikataa kuwasha mita, abiria ashuke. Asibishane, ashuke tu.

Kwenye Kasri Kuu, lililoanza kujengwa 1782, kuna utapeli mkongwe ambao kila mwaka hupata wateja wapya. Mtu nadhifu, mara nyingine mwenye beji, humwambia mgeni kwamba leo kasri limefungwa kwa ibada, lakini kuna bajaji, wao huiita tuk-tuk, itakayomzungusha mahekalu mengine kwa baht 20. Mzunguko huo huishia kwenye duka la vito. Kasri hufunguliwa kila siku kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri; anayetaka uhakika atembee hadi langoni aone kwa macho yake. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake, au walinzi watamrudisha.

Suala la vito linawagusa Watanzania kwa namna ya pekee. Bangkok ni mojawapo ya masoko makubwa ya kukata na kuuza vito duniani, na mawe mengi ya Afrika Mashariki, tanzanaiti ikiwemo, hupitia huko. Biashara hiyo ni halali na ina watu wake. Hata hivyo yule anayebebwa na bajaji hadi dukani, akaambiwa anunue yakuti samawi leo akauze kwao kwa bei mara mbili, hafanyi biashara ya vito. Analiwa.

Wafanyabiashara wa nguo kutoka Nairobi, Kampala na Kariakoo wanaijua Pratunam, mtaa wa jumla ambako bei hushuka kwa wingi wa vipande. Wao ni mashahidi kwamba mtu anaweza kufika, kununua, kupakia na kurudi bila kuguswa. Waislamu hawatalala njaa: Sukhumvit Soi 3 ina migahawa ya Kiarabu hadi usiku mwingi, na karibu na mto Chao Phraya, mtaa wa Bang Rak, uko msikiti wa Haroon.

Sheria chache hazina mchezo. Kifungu cha 112 cha sheria ya makosa ya jinai kinampeleka jela kati ya miaka 3 na 15 anayemtukana mfalme, malkia au mrithi wa kiti, na maneno ya mtandaoni yanahesabika. Noti zenye sura ya mfalme zisikanyagwe. Sigara za kielektroniki ni marufuku kuingizwa nchini, hata moja ya matumizi binafsi. Bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya 2022, ikabanwa tena Juni 2025, na mgeni anayesikia kwamba "huko ni ruksa" anasikia habari za zamani. Asiiguse.

Kuhusu viza, masharti hutofautiana kwa pasi na hubadilika. Maombi hufanywa kwenye thaievisa.go.th, na ubalozi wa Thailand uko Nairobi. Anayezidisha siku hulipa baht 500 kwa kila siku, hadi baht 20,000, na anayezidisha zaidi ya siku 90 hufungiwa kurudi. Pasi iwe na miezi 6 ya uhai. Mengine yote yaulizwe ubalozini.

 Idara inarudia: kadi ajaze msafiri mwenyewe, anwani ya kulala aijue mwenyewe, pasi aishike mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, aache nyumbani kwa mtu anayemwamini nakala ya pasi, namba ya ndege, jina na simu ya hoteli, na picha za mazungumzo yote na aliyempa kazi, kama ipo kazi. Bangkok iko saa 4 mbele ya Afrika Mashariki; wakubaliane saa ya kupigiana simu siku ya kwanza. Polisi wa watalii hupokea simu namba 1155, kwa Kiingereza pia. Polisi wa kawaida ni 191 na gari la wagonjwa 1669. Wakenya wana ubalozi wao Bangkok. Raia wa nchi nyingine waulize mapema ni ubalozi upi unaowahudumia, waandike namba yake kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwa sababu simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Saa ya kupigiana ikipita na mtu hapatikani, ndugu wasisubiri wiki iishe. Waende polisi na wizara ya mambo ya nje siku hiyo hiyo na nakala hizo mkononi. Na anayepigiwa akitakiwa atume fedha ili ndugu yake aachiwe, ahifadhi kila namba na kila akaunti aliyotajiwa, atoe taarifa kwanza.