Muhuri Juu ya Nyama ya Nguruwe

Katika Funyula, na sehemu nyingine za Busia, nguruwe wengi hufungwa kamba wakati mazao yako shambani. Mavuno yakiisha hufunguliwa wajitafutie chakula. Desturi hii humpunguzia mwenye nguruwe gharama, lakini ndiyo mlango wa ugonjwa ambao mkaguzi wa nyama huutafuta kwa kisu chake.

Ugonjwa wenyewe ni wa tegu. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai ya mdudu huyo pamoja na choo. Akijisaidia vichakani, nguruwe aliyefunguliwa hula kinyesi kile. Mayai huanguliwa, na vijidudu hupenya mpaka katika misuli, vikakaa ndani ya vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva sawasawa, kijidudu hukua tumboni mwake kikawa tegu wa mita kadhaa.

Hilo si kubwa sana, maana tegu hutolewa kwa dawa. Lililo baya zaidi ni yale mayai. Mwenye tegu asiyenawa mikono atokapo chooni huweza kuwalisha jamaa zake mayai hayo, na vifuko vikatokea katika miili yao, hata ndani ya ubongo. Ndipo mtu hushikwa na kifafa, ijapokuwa pengine hajaonja nyama ya nguruwe maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba penye ugonjwa huu kwa wingi, wagonjwa wa kifafa wapatao 30 katika kila 100 huenda wamekipata kwa njia hiyo. Na bado wako wamtafutao mchawi.

Kwa ajili hiyo Sheria ya Usimamizi wa Nyama ya Kenya, ya mwaka 1972, haiachi nyama ipite bila kukaguliwa. Mkaguzi huchanja misuli, moyo na ulimi. Nyama iliyo safi hupigwa muhuri wa wino. Wanunuzi nao wana njia yao: humlaza nguruwe, wakamtia kijiti kinywani na kuupapasa ulimi. Mwenye vifuko hukataliwa. Je, huenda wapi? Akichinjwa nyuma ya nyumba usiku, nyama yake itauzwa rahisi bila muhuri wowote.

Hata hivyo, vifuko vikiwa vichache, kisu cha mkaguzi huweza kuvikosa. Kwa hiyo nyama na ikatwe vipande vidogo, ipikwe mpaka wekundu wote umetoka ndani; ya kuchoma huweza kuungua nje na kubaki mbichi katikati. Nguruwe na akae bandani mwaka mzima, na kila mji uwe na choo cha shimo kisichofikiwa na mnyama.

Aonaye vipande bapa vyeupe, kama utepe, katika choo chake, aende zahanati. Ikiwa hushikwa na kifafa, amweleze mganga kabla ya kumeza dawa yoyote ya tegu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huweza kuamsha kifafa kwa mtu mwenye vifuko katika ubongo.