Deni Lisilofutika

Mwaka 1996 ulitolewa huko Japani mchezo wa video uitwao Pokémon. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alipenda tangu utoto kukusanya wadudu. Ndiyo sababu mchezaji hukamata madubwana madogo na kuyatunza. Hapo mwanzo yalikuwa 151. Lakini zilitengenezwa kaseti za namna mbili, wala hakuna hata moja iliyokuwa nayo yote. Kwa hiyo wachezaji wawili waliunga vyombo vyao, viitwavyo Game Boy, kwa waya, wakabadilishana. Tena yako madubwana yasiyokomaa mpaka yabadilishwe: lile liitwalo Spectrum kwa Kifaransa hugeuka kuwa Ectoplasma lifikapo kwa mwingine.

Basi, uwaziwe mfano wa mtu wa Nyalukemba, mjini Bukavu, kando ya ziwa Kivu. Utotoni jirani alimpa Spectrum lake kwa agano: likiisha kugeuka, lirudishwe. Mtoto yule alipoliona Ectoplasma, tamaa ikamshika, akang'oa waya. Tangu siku ile hawakucheza pamoja.

Miaka mingi ikapita. Siku moja, naye sasa ni baba wa watoto, aliikuta kaseti ile sandukuni, akaiwasha. Hakuna kitu! Maana ndani ya kaseti mna betri ndogo itunzayo kumbukumbu. Nguvu yake ikiisha, yote yaliyokusanywa hufutika. Akawaza moyoni: «Nilichokichukua sinacho tena, mbona bado chanichoma?»

Akaondoka, akaenda kwa yule jirani, akamwambia: «Ndugu yangu, nilikudhulumu tulipokuwa watoto.» Mwenzake akacheka kwanza, kisha akanyamaza. Akajibu: «Dubwana nililisahau zamani. Lakini sikusahau kwamba uliniahidi.» Wakapeana mikono, wakaketi kuzungumza hata jioni.

MASWALI

Je, kitu kikipotea, deni lake limepotea?
La. Kitu huchakaa na kutoweka, bali ahadi iliyovunjwa hungoja kutengenezwa.

Je, hila ya watoto ni jambo dogo?
Kitu chaweza kuwa kidogo. Urafiki uliovunjika kwa ajili yake si mdogo.

Afanyeje asiyeweza kurudisha kitu chenyewe?
Amwendee mwenzake, akiri kosa lake waziwazi bila kujitetea, na kumfidia kadiri awezavyo. Wala asingoje kaseti kuukuu imkumbushe.