Miguu Ikivimba Safarini

*Daktari, mwezi ujao mimi na mume wangu tunakwenda Kigoma kwa gari kutoka Dar es Salaam. Safari iliyopita nilifika miguu imevimba, viatu haviingii. Siku ya mwisho tunataka kuitembea Ujiji. Nitaweza?*
Mama wa Tabata

Utaweza, mama. Miguu yote miwili kuvimba baada ya kukaa sana kwa kawaida si hatari. Misuli ya mashavu ya miguu husaidia kurudisha damu moyoni. Isipofanya kazi, maji hutuama vifundoni.

Njia ya Dodoma, Singida na Tabora inazidi kilomita 1,000, kwa hiyo laleni njiani. Kila saa mbili shuka utembee kidogo, na garini zungusha vifundo. Kunywa maji. (Najua wengi hujinyima wakihofia choo!) Kama unatumia amlodipine ya presha, nayo huvimbisha miguu, usiiache, muulize daktari wako. Muone pia kabla ya safari kama umewahi kuganda damu au umefanyiwa upasuaji karibuni.

Ujiji nendeni asubuhi, jua halijawa kali. Anzieni makumbusho ya Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871, kisha mteremke ziwani. Kurudi Kigoma mjini kuona stesheni ya Wajerumani, pandeni bajaji.

Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma au kupata joto, nenda Hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Ukibanwa pumzi au kifua kikiuma, hata usiku wa manane, nenda.